Moto wa Chetezo: Tuuwashe kwa Jiko Gani?

Zamani hapakuwa na haja ya kuuliza kaa la chetezo litoke wapi. Kila nyumba ilikuwa na seredani, na seredani haikuzimika tangu asubuhi mpaka baada ya Isha. Mama akitaka kufukiza alishika koleo, akateua kaa moja lililokolea chini ya chungu, akalilaza katika chetezo juu ya jivu, akatia buhuri, kazi ikaisha. Leo nyumba nyingi za miji yetu, Unguja na Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, hupikia gesi au umeme, na katika ndugu zetu walioko Maskati wamo vijana wasioijua seredani ila kwa kusimuliwa. Lakini buhuri haikuondoka. Arusi haiwi bila ya udi, mzazi hufukizwa, sanda ya maiti hufukizwa, nguo za Idi hufukizwa, na Alkhamisi jioni mtu hupita vichochoroni akajua kwa pua yake tu kwamba usiku wa Ijumaa umeingia.

Mahali pa lile kaa la seredani pameingia makaa ya dukani, na pamoja nayo limeingia suala tunaloulizwa mara kwa mara, khasa na akina mama: yawashwe juu ya jiko gani? Huyu ana jiko la gesi na anaogopa kuliharibu. Huyu kanunua kijiko kidogo cha umeme na hajui kama ni salama. Huyu hana subira, hununua makaa ya kushika kwa kibiriti. Kwa mwenye kulisikia mara ya kwanza, hili ni jambo dogo la jikoni. Sisi hatulioni dogo, kwani ndani yake mna moto, mna umeme, na mna sumu isiyoonekana kwa jicho wala kunuswa kwa pua; na vitu vitatu hivi hukutana katika chumba kimoja pamoja na watoto wetu.

Kabla ya kuingia katika majiko, tuseme neno moja juu ya buhuri yenyewe, kwani wako wanaodhani kuwa ni mila ya pwani tu. Imepokewa katika Sahihi ya Imam Muslim kwamba Abdalla bin Umar (R.A.) alikuwa akijifukiza kwa udi mtupu usiochanganywa na kitu, na mara nyengine kwa kafuri pamoja na udi, naye akaeleza kuwa ndivyo alivyokuwa akijifukiza Mtume wetu (S.A.W.). Na miongoni mwa wanafunzi wa Abu Huraira (R.A.) yuko Nuaim bin Abdalla, mpokezi wa hadithi aliye mashuhuri kwa jina la Al-Mujmir, yaani mwenye kufukiza, kwa kuwa alikuwa akiufukiza msikiti wa Mtume mjini Madina. Jina hilo lina asili moja na neno la Kiarabu jamr, nalo ni makaa ya moto. Ikiwa mtu wa elimu kama huyo amekumbukwa kwa kuyaangalia makaa, basi si aibu kwa jarida la Kiislamu kutumia kurasa zake kuyaeleza.

Makaa yauzwayo ni ya namna mbili

Mwenye kuzichanganya namna hizi mbili hawezi kuchagua jiko. Namna ya kwanza ni vidonge vya mviringo, vilivyofungwa kumi kumi katika karatasi ya kung'aa. Hivi ni unga wa makaa ulioshindiliwa na kutiwa dawa ya kuuwakisha, na dawa hiyo aghlabu ni shura, ile ile ambayo ikichanganywa na salfa na makaa huwa ni baruti. Ukikigusisha kidonge na njiti ya kibiriti, cheche hukimbia juu yake kwa sauti ya kuchacharika, na kwa muda wa dakika moja au mbili kimeshika chote. Hakihitaji jiko. Hiyo ndiyo fadhila yake, na fadhila yake imekoma hapo. Moshi wake wa mwanzo ni mkali na una harufu ya dawa. Ukitia udi kabla haujaondoka, umeutia udi wa thamani katika harufu ya fataki. Cheche zake huruka, na nguo zetu za hariri na mikeka yetu haingoji cheche mbili. Tena vidonge hivi hushika unyevu, na hewa ya pwani ni ya unyevu mwaka mzima, basi pakiti ikikaa wazi utaona kidonge kinawaka upande mmoja na upande wa pili kimelala.

Namna ya pili ni makaa ya asili yasiyotiwa dawa, na mengi yake ni ya vifuu vya nazi. Vifuu huchomwa kwa hewa haba mpaka vikawa makaa, vikasagwa, vikachanganywa na wanga kidogo, aghlabu wa muhogo, vikashindiliwa na kukatwa vipande vya pande sita kama dado. Kipande cha kawaida kina upana wa milimita 25 hivi, na katika kilo moja hutoka vipande sabini na kitu. Mengi hutoka Indonesia. (Kwamba sisi wenye minazi tununue vifuu vya ng'ambo ni jambo linalotaka makala yake peke yake.) Makaa haya hayana harufu ya dawa, hayarushi cheche kama yale, na kaa moja huweza kukaa na moto kiasi cha saa nzima. Lakini ni magumu, yameshikana, wala hayashiki kwa njiti ya kibiriti. Yataka moto mkali chini yake kwa muda wa dakika nane mpaka kumi na mbili, na kugeuzwa upande baada ya upande, mpaka pasibaki doa jeusi na jivu jepesi likaanza kulifunika lote. Kaa lililobaki jeusi katikati hutoa moshi, huiharibu harufu, na mara nyingi huzimika lenyewe katika chetezo.

Sisi twayapenda haya ya pili, na nasaha yetu ni kwamba mwenye kuweza ayatumie haya. Na kwa sababu yao ndiyo tunazungumza juu ya jiko.

Majiko tuliyonayo

Mwenye seredani na aendelee na seredani yake. Ikiwa anapika kwa makaa uani, basi kaa la chetezo analo tayari, na hana haja ya kununua kitu. Lakini kuwasha seredani nzima kwa ajili ya kaa moja la chetezo ni israfu. Jiko la mafuta ya taa tusilitaje ila kwa kulikataza: kaa hunywa harufu ya mafuta, na harufu hiyo huja kutoka pamoja na udi.

Jiko la gesi lina moto mkali, na kaa hushika upesi juu yake. Ubaya wake ni jivu. Vipande vidogo na vumbi la makaa huanguka katika matundu ya kichwa cha jiko vikayaziba, na jiko lililozibwa hutoa ulimi wa moto wa manjano wenye masizi badala ya ule wa samawati. Na moto wa manjano ni alama kwamba gesi haiungui sawasawa. Kwa hiyo asiweke mtu makaa moja kwa moja juu ya vyuma vya jiko. Vinauzwa vikaango vidogo vya chuma vyenye matundu na mpini mrefu, vilivyofanywa kwa kazi hii khasa, na ndivyo vya kutumia. Wala asidanganyike mtu akatwaa kisufuria kikuukuu cha alumini akakitoboa: alumini huyeyuka katika joto la digrii 660, na kaa lililokolea likapulizwa hulipita joto hilo. Kikaango kilichopakwa dawa ya kuzuia chakula kisigande nacho hakifai, kwani dawa hiyo ikipata moto mkali hutoa moshi wenye madhara. Na katika muda wote huo mtu asiondoke jikoni, na mtungi wa gesi uwe mbali na pale makaa yanapotuliwa.

Ama jiko la umeme, hapa ndipo penye mambo, kwani jina ni moja na vitu ni vingi.

Liko jiko la waya ulio wazi. Hili ni sahani ya udongo yenye mifereji, na ndani ya mifereji umelazwa waya uliojipinda kama chemchemi. Bei yake ni rakhisi kuliko yote na linapatikana kila mahali, na kwa ajili hiyo limeingia katika nyumba nyingi. Nasi twasema waziwazi: lisitumiwe kuwashia makaa. Waya ule ni mtupu na umeme unapita ndani yake. Mama anaposhika koleo la chuma akataka kuligeuza kaa, ncha ya koleo ikiteleza ikagusa waya, umeme hupita katika koleo ukaingia mkononi mwake. Na ikiwa amesimama miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji, huenda hatapata nafasi ya kupiga ukelele. Tena vumbi la makaa hujaa katika mifereji, waya hukatika, na mafundi wa mitaani huuunga kwa kuusokota, na ile sehemu iliyosokotwa ndiyo itakayowaka kwanza.

Liko jiko la mrija. Hili nalo lina koili, lakini koili yake ni mrija wa chuma uliozungushwa bapa kama nyoka aliyejikunja. Waya wa umeme umo ndani ya mrija, umezungukwa na unga mkavu ulioshindiliwa, unaopitisha joto na kuuzuia umeme. Ukiligusisha koleo na mrija huo, umegusa chuma cha moto tu. Koili hii ikiwekwa gizani huonekana nyekundu, na chuma hakianzi kuwa chekundu mpaka joto lake lipite digrii 500. Hilo ni joto la kutosha kulishikisha kaa la kifuu. Hiki ndicho kifaa tunachokichagua sisi kwa nyumba yenye umeme.

Liko tena jiko la sahani ya chuma iliyofungwa, ambalo halionyeshi wekundu. Hilo hufaa kwa chai. Kwa makaa hulichosha kaa na humchosha mwenye kungoja. Majiko ya kioo yanayopashwa kwa chini yasiguswe, kwani kioo hukwaruzika na kuharibika, na thamani yake ni kubwa. Na yale ya induksheni hayawezi kazi hii kabisa, kwa kuwa hukipasha joto chombo cha chuma kinachowekwa juu yake, na kaa si chuma.

Sasa mtu akifika dukani atazame nini? Atazame kwanza plagi. Mrija ni wa chuma na umbo la jiko ni la chuma, basi ni lazima pawe na waya wa ardhini, ili kikitokea kitu kuharibika ndani umeme uende ardhini usimwendee mtu. Plagi yenye pini tatu ndiyo ya kutafuta, na kupachika pini mbili kwa nguvu katika tundu la tatu, kama tuonavyo watu wakifanya kwa kijiti, ni kucheza na roho. Kisha atazame uzito na miguu: jiko jepesi lenye miguu myembamba hupinduka kwa kuvutwa waya na mtoto. Awe na hakika kwamba pana ukingo au kitanda cha waya juu ya koili, ili kaa lisibingirike. Kwamba chini yake pana sahani ya kupokea jivu inayotoka ikasafishwa. Na kwamba pana swichi na taa ya kuonyesha kuwa linawaka.

Nguvu ya jiko imeandikwa kwa wati. Kwa chetezo cha nyumbani, chenye kaa moja au mawili, jiko dogo la wati 500 latosha. Kwa shughuli ya arusi, ambapo hutakiwa makaa kumi kwa mara moja, ni bora liwe la wati 1000. Wanaoogopa gharama ya umeme wasiogope: jiko la wati 1000 likiwaka dakika 10 hula sehemu ya sita ya uniti moja, na la wati 500 likiwaka dakika 12 hula sehemu ya kumi. Cha kuogopwa ni nyaya nyembamba. Katika umeme wa volti 230, jiko la wati 1000 huvuta zaidi ya ampea 4, nalo likiunganishwa katika ekstensheni moja na birika na pasi, waya ule mwembamba uliopitishwa chini ya busati hupata moto pasipo mtu kuuona. Jiko lichomekwe ukutani peke yake.

Na mahali pa kuliweka ni uani, au roshani, au jikoni karibu na dirisha lililo wazi, juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na pazia. Wanawake wakunje mikono ya nguo na wafunge kanga vizuri, na sisi wanaume tuzikusanye kanzu zetu, kwani ncha ya nguo hutangulia kuingia motoni kabla ya mkono.

Jiko jema haliondoi sumu

Tumekwisha kuchagua jiko. Lakini lau tungelikomea hapa tungelikuwa tumewadhuru wasomaji wetu, kwani wangedhani kwamba makaa ya asili yakiwashwa juu ya jiko zuri mpaka yakakolea, basi hayana madhara tena. Tumeisikia kauli hii madukani, na tumeisikia kwa watu tunaowaheshimu: kaa likishakuwa jeupe, lisilotoa moshi, limetakasika. Si kweli. Kukolea kwa kaa huondoa moshi wala hakuondoi sumu.

Kila kaa linalowaka, liwe la mkoko, la mwembe au la kifuu, liwe limewashwa kwa gesi au kwa umeme, hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi wala harufu wala haikerehi koo. Damu ya mwanadamu imeumbwa kubeba oksijini kutoka pafuni na kuifikisha mwilini. Lakini hewa hii huidaka damu kwa nguvu inayozidi ya oksijini zaidi ya mara 200, ikakaa mahali pake, na mwili ukawa unavuta pumzi na huku unakosa uhai wake. Mtu huanza kuumwa na kichwa, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, unyonge wa miguu, na kuchanganyikiwa. Akiwa amelala huenda asiamke. Wenye moyo mbovu, wazee na watoto wachanga hudhurika mbele ya wengine, na mja mzito hudhurika yeye na aliyemo tumboni, kwani damu ya mtoto huishika hewa hii kwa nguvu zaidi kuliko ya mamaye.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi watu wa pwani kuliko wengine. Katika arusi moja tuliyohudhuria, tukiwa wanaume barazani, ilikuja khabari kutoka ndani kwamba binti mmoja ameanguka katika chumba cha bi arusi. Kilikuwa chumba kidogo, wamekaa wanawake zaidi ya kumi, madirisha yamefungwa ili moshi wa udi usipotee, na vyetezo vitatu vinawaka. Wawili wengine walikuwa wakilalamika kichwa, na mmoja ametapika. Ikasemwa mara moja kwamba binti kapandwa, na kwamba udi umemwita aliyekuwa naye; na pakawa na wenye kutaka buhuri izidishwe ili pepo aseme jina lake. Bibi mmoja mtu mzima, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, akaamrisha madirisha yafunguliwe na binti atolewe uani. Alipopata hewa alizindukana, akaomba maji, wala hapakusema mtu mwengine kwa ulimi wake. Hatukanushi majini, wametajwa katika Qurani. Twasema tu kwamba watu watatu wakiumwa na kichwa kwa wakati mmoja katika chumba kilichofungwa chenye makaa, aanze mtu kufungua dirisha.

Mtume wetu (S.A.W.) ametuonya juu ya moto kwa onyo lililo wazi. Imepokewa na Bukhari na Muslim, kwa njia ya Ibn Umar (R.A.), kwamba alikataza moto kuachwa unawaka majumbani watu wanapolala. Na kwa njia ya Abu Musa (R.A.) imepokewa khabari ya nyumba iliyoungua usiku mjini Madina pamoja na watu wake, alipoelezwa, Mtume akabainisha kuwa moto ni adui yetu, na akaamrisha uzimwe wakati wa kulala. Aghlabu husomeshwa hadithi hizi kwa kufikiri mwako na nyumba kuteketea. Leo tunajua kuwa kaa lisilowasha hata uzi mmoja wa mkeka laweza kuwaua watu wa chumba kizima wakiwa wamelala, na amri ile ile imewakinga na yote mawili.

Basi chetezo kisiingizwe chumba cha kulala usiku mlango ukafungwa. Kifukizwe chumba milango ikiwa wazi, chetezo kitolewe, kisha watu waingie kulala. Udi hautoki upesi. Huganda katika pazia na mito mpaka asubuhi, na hilo ndilo linalotakiwa. Kwa nguo, tenga liwekwe uani au ukumbini. Na mzazi aliye katika arobaini yake tunamuombea huruma ya mama zake: wanamfungia madirisha kwa kumwogopea baridi, wanamwekea makaa chini ya kitanda, na kitoto cha siku saba kimelazwa pembeni. Joto alipate kwa nguo na kwa uji wa moto. Akitaka kufukizwa, afukizwe mlango ukiwa wazi na mtoto akiwa chumba chengine, na makaa yatolewe mara tu shughuli inapokwisha.

Vyapatikana siku hizi vyetezo vya umeme visivyotumia kaa, ambavyo huupasha udi joto mpaka ukatoa harufu. Wazee wetu huvicheka, na ni kweli kwamba udi wa kupika wenye sukari hauwi juu yake kama uwavyo juu ya kaa. Lakini kwa nyumba yenye mgonjwa wa kifua au mtoto mchanga, sisi twaviona vyafaa, maadamu kile kinachotoka ni moshi wa udi mdogo bila ya sumu ya kaa.

Na ikitokea mtu kudhurika, atolewe nje mara moja, asingojwe mganga wala kahawa. Akiwa amezimia au amechanganyikiwa apelekwe hospitali hata kama ameanza kuzungumza, kwani katika hewa ya kawaida huchukua masaa manne mpaka sita kwa nusu tu ya sumu ile kutoka katika damu, na kwa kuvutishwa oksijini safi muda huo hupungua ukawa kiasi cha saa moja na nusu. Aambiwe daktari waziwazi kwamba palikuwa na makaa chumbani. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijini hudanganywa na hewa hii, kikaonyesha hesabu njema kwa mtu ambaye damu yake imejaa sumu.

Tumeulizwa pia juu ya shisha, ambayo wazee waliiita buruma, kwani makaa haya ya vifuu mengi huuzwa kwa ajili yake. Hatuandiki kumfunza mtu kuivuta. Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza mwaka 2005 kwamba kikao kimoja cha shisha huendelea dakika 20 mpaka 80, na mvutaji huvuta mara 50 mpaka 200. Na Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2016. Wako vijana wanaojibu kwamba yao haina tumbaku, ni matunda na asali tu. Na juu ya asali yao wameweka nini? Wameweka kaa lile lile, na sehemu kubwa ya kaboni monoksaidi anayoivuta mtu wa shisha hutoka katika kaa, wala maji ya chini hayaizuii. Tofauti yao na yule binti wa arusini ni kwamba yeye aliipata hewa hiyo kwa kukaa karibu nayo, na wao wanaivuta kwa mrija.

Limebaki la kuzima, nalo hupuuzwa. Kaa lililofunikwa na jivu jeupe huonekana limekufa, na ndani yake lina moto kwa muda mrefu. Lisitupwe katika ndoo ya plastiki wala katika taka zenye karatasi. Iwekwe uani debe ya chuma yenye mchanga, makaa yatiwe humo, yanyunyizwe maji mpaka yasisikike kuchacharika, yakae mpaka asubuhi. Jiko la umeme nalo lichomolewe kwanza, lipoe, ndipo lipanguswe kwa kitambaa kikavu, lisimwagiwe maji. Na lile jivu la kaa la kifuu lisilolowa, lililobaki katika chetezo, likipoa na kuchekechwa huwa laini kama unga. Liwekwe katika kopo, likatandikwe chini ya kaa siku ya pili, na kidogo linyunyizwe juu yake, ili udi usiungue kwa ghafula.